Namba Iliyokuwa Ndani ya Simu Yangu Tu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, wakili wa waagizaji wa vifaa vya simu alisimama, akavaa miwani, akasoma kwa sauti namba iliyokuwa mahali pamoja tu duniani.

Ndani ya simu yangu.

"Elfu nane, mia nne na thelathini!" alisema. "Hiyo ndiyo namba yao wenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti. Hilo tundu jipya la chaji wanalotaka kutulazimisha linakufa kabla ya kufika elfu kumi!"

Ukumbi mzima ukaguna.

Nilitazama chini. Simu ilikuwa mapajani mwangu, nimeifunika kwa kiganja. Namba ile sikuwa nimempa mtu. Sikuwa nimemtumia mtu. Sikuwa nimeitamka hata nikiwa peke yangu...

Sasa wakili kaipata wapi?

Nitawaeleza kwa mpangilio, maana humu nawajua, mna mbio za kuhukumu. Naomba usiandike chochote kwenye maoni kabla hujafika mwisho. Utamtaja mtu asiye na kosa, kama nilivyomtaja mimi moyoni mwangu.

Kazi yangu ni kupima. Niko maabara ya viwango. Tuna mashine inayochomeka waya kwenye tundu la simu na kuuchomoa, kuchomeka na kuchomoa, kutwa nzima, mpaka tundu lilegee. Mimi na mwenzangu, tunayemwita Chapchap kwa sababu hajawahi kuharakia kitu chochote maishani mwake, kazi yetu ni kusema limevumilia mara ngapi.

Mwaka huu lilikuja pendekezo: simu zote mpya zitakazouzwa ziwe na tundu moja la chaji, lile ambalo waya wake unaingia hata ukiugeuza. Mjadala wake mnaujua. Nusu ya watu walisema afadhali, tumechoka na droo zilizojaa waya. Nusu wakauliza, na chaja zetu tulizonunua tukazipeleke wapi?

Ikaundwa tume ya kusikiliza pande zote. Sisi tulikuja na vipimo. Waagizaji, wenye maghala yaliyojaa waya za tundu la zamani, walikuja na wakili.

Kikao cha kwanza, wakili huyo alijibu matokeo yetu kabla hatujayasoma.

Hoja kwa hoja. Jedwali kwa jedwali. Kana kwamba alikaa na sisi maabara akinywa chai.

Tuliporudi kazini mkurugenzi wetu alifunga mlango. Ni mama mmoja mtulivu, na akitulia zaidi ndipo unapopaswa kuogopa.

"Mmoja wenu anatuuza," akasema.

Kisha, taratibu, macho yote yakanigeukia mimi.

Sababu ilikuwa wazi. Mchumba wangu alikuwa afisa mauzo kwenye kampuni mojawapo ya waagizaji hao hao.

Wengine walipotoka, mkurugenzi akaniambia, "Mimi sikushutumu. Lakini kikao kijacho wakija tena na vitu vyetu, wewe ndiye utakayeondoka. Na ukiondoka kwa sababu hiyo, hakuna maabara itakayokupokea."

"Nipe nafasi nipime."

"Upime nini tena?"

"Watu."

Akavuta kiti.

Tulichofanya hakikuwa cha ajabu. Jaribio la mwisho la tundu jipya nililiendesha mwenyewe, Chapchap hayupo, na matokeo yake ya kweli tukayaweka kwenye bahasha, akaifunga na kuitia sahihi, ikalala kwenye kasha lake la chuma. Mimi na yeye tu ndio tuliojua kilichomo.

Kisha nikatunga matokeo ya uongo. Yalikuwa mabaya, ya kumtoa mate wakili yeyote. Lakini kila mahali niliweka namba yake.

Kwenye kompyuta ya Chapchap niliweka 8,410.

Mchumba wangu nilimwambia kwa mdomo, tukiwa wawili ndani ya gari. Yeye nilimpa 8,420.

Ya tatu, 8,430, niliiandika ndani ya simu yangu na nikanyamaza.

Hiyo ya tatu sikuiweka kumtega mtu. Kwenye jaribio lolote la maana lazima ubakize sampuli moja usiyoigusa, ya kulinganishia, ili ujue kipimo chenyewe hakikudanganyi. Nilifundishwa hivyo nikiwa mdogo sana, na mwalimu niliyempenda kuliko wote.

Mwalimu huyo ni baba yangu.

Baba alifundisha sayansi mpaka alipostaafu. Tangu mama afariki anaishi na shangazi, dada yake, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kuchukua likizo. Jumapili iliyotangulia kikao cha pili tulikwenda kula kwao, mimi na mchumba wangu.

Shangazi hakungoja hata tukae. Alimwaga mkoba wake mezani, zikatoka waya tatu zimesokotana kama nywele za mtu aliyetoka kulala.

"Wewe mwenye mashine, njoo! Huu ni wa simu yangu. Huu ni wa simu niliyoiacha. Na huu sijui wa nini, ila naogopa kuutupa."

"Ndiyo maana tunataka tundu moja, shangazi."

"Tundu moja! Na simu yangu hii mtaifanyaje? Mtaizika?"

"Itaendelea kufanya kazi. Sheria ni ya simu mpya."

"Waya wake ukikatika?"

"Utanunua mwingine, mpaka ziishe."

"Na zikiisha?" Huyo alikuwa baba. Aliuliza kwa upole, akijimiminia maji.

"Zikiisha, baba, na simu yenyewe itakuwa imeshachoka."

"Unaongea kama mtu mwenye mshahara, mwanangu. Kuna mtu simu yake ndiyo hiyo moja, na hana mpango wa nyingine. Leo unasimama mbele ya tume unamwambia waya wake ni haramu."

"Sijasema haramu..."

"Basi umeufanya yatima."

Tulicheka wote. Alikuwa na hoja. Baba hakosi hoja.

"Na wewe, mkwe?" shangazi akamgeukia mchumba wangu. "Mbona umekaa kama picha ya ukutani? Wewe si ndiye muuza waya?"

"Shangazi, mimi nikifungua mdomo hapa nitaambiwa nafanya matangazo."

"Fanya tu, labda utanipunguzia bei!"

Mimi nilicheka kwa mdomo, macho yakiwa kazini. Nilikuwa namtazama yeye. Anashika simu yake? Anaandika? Anatoka nje kuongea? Kila kijiko alichopeleka mdomoni nilikisindikiza.

Ndiyo maana sikuutazama mkono uliokuja upande wa pili.

"Lete simu nikuchajie," baba akasema. "Naona inakata roho."

Cheka tu, ruksa: mimi ninayepigania tundu jipya, simu yangu ni ya tundu la zamani. Baba ndiye aliyeninunulia nilipohitimu, na sikuwahi kuwa na moyo wa kuibadilisha. Mjini waya wake umeanza kuwa wa kutafuta. Kwa baba haukosekani. Kila mgeni wake huondoka na mmoja, mpya kabisa, ndani ya kifuko chake.

Aliichukua, akaenda nayo chumba chake cha kusomea, akarudi kumalizia chakula. Tulipoaga alinikabidhi ikiwa imejaa, amenifutia na kioo.

"Nenda ukawashinde," akasema, akanigusa shavu.

Sasa turudi ukumbini.

Wakili alikuwa bado amesimama. "Elfu nane, mia nne na thelathini!" alirudia, akifurahia kila neno.

Mwenyekiti wa tume akainua kalamu. "Ndugu wakili, namba hiyo haijawasilishwa hapa. Umeipata wapi?"

"Kwa chanzo cha kuaminika, Mheshimiwa."

"Mkurugenzi?"

Mkurugenzi wetu alisimama na bahasha. Aliifungua mbele ya watu wote, bila haraka, akampa mwenyekiti karatasi. Mwenyekiti akasoma, akamtazama wakili, akasoma tena.

"Hapa pameandikwa elfu kumi na mbili na zaidi," akasema. "Na mashine ilikuwa haijalilegeza bado."

Kicheko kilianzia viti vya nyuma. Kikaja mpaka mbele. Wakili akakaa kama mtu aliyeondolewa mifupa.

Mwenyekiti aliagiza wakili aeleze chanzo chake kwa maandishi. Hazikupita hata saa mbili, tume ikatangaza uamuzi: pendekezo limepita.

Wenzangu walikumbatiana. Chapchap aliruka! Nawaambia, Chapchap aliruka, miguu yote miwili ikatoka chini.

Mimi sikuweza kunyanyuka.

Mkurugenzi akainama sikioni kwangu. "Namba ile ni ya nani?"

"Ya simu."

"Simu ya nani?"

"Yangu."

Akanyoosha mgongo taratibu. "Basi una mpaka jioni kunipa jina. Vinginevyo nitalazimika kuandika la kwako."

Hapo, wasomaji wangu, nataka mtulie nami, maana kila kitu kinasimama kwenye jambo moja dogo sana.

Simu yangu ikichomekwa kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza, huuliza swali moja kwenye kioo: "Je, unaiamini kompyuta hii?" Ukijibu ndiyo na kuweka nywila, kompyuta inaweza kunakili kila kilichomo. Picha, ujumbe, kila ulichoandika. Na baada ya hapo, kwenye kompyuta hiyo, simu haitauliza tena.

Haisahau iliyokwisha kuiamini.

Kwa hiyo sikuhitaji kumuuliza mtu yeyote maswali. Nilihitaji kuchomeka waya na kutazama.

Nilianza na Chapchap. Nikachomeka kwenye kompyuta yake. Kioo kikawaka: je, unaiamini?

Haikuwa yake.

Nikaenda moja kwa moja kwa mchumba wangu. Nilimkuta kwake, kompyuta yake iko mezani, wazi. Sikusalimia. Nikachomeka.

Na ukweli usemwe, nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nimeshaanza kuilegeza pete kidoleni.

Kioo kikawaka. Je, unaiamini kompyuta hii?

Nikakaa chini.

"Unafanya nini?" akauliza.

Nikamweleza. Yote, kwa mpangilio, kama ninavyowaeleza ninyi. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo ile elfu nane mia nne na ishirini uliyoniambia kwenye gari..."

"Ilikuwa yako peke yako."

"Ulinipima."

"Nilipima kila niliyekuwa na sababu ya kumshuku."

"Unajua nilifanya nini baada ya kuniambia namba ile?" Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Niliacha kazi. Nilijisemea, matokeo hayo mabaya yakijulikana, watasema umeyavujisha kupitia kwangu. Nikaona bora niondoke, wakose la kusema. Nilikuwa nasubiri ushinde ndipo nikuambie."

Nikaitazama pete kidoleni.

"Nani mwingine ulimpima?"

"Chapchap."

"Na baba yako?"

"Baba?" nikasema. "Baba simpimi."

Alichomoa waya kwenye kompyuta yake, akaukunja vizuri, akaniwekea mkononi pamoja na simu.

"Basi," akasema. Akanifungulia mlango.

Nikiwa njiani nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mwanzo kabisa. Tangu niandike namba ile, simu yangu ilikuwa imetoka mkononi mwangu mara moja tu.

Sikutaka iwe hivyo. Nilitafuta njia nyingine yoyote. Nilitamani, jamani, ningekuwa nimeisahau kwenye teksi.

Shangazi alinifungulia mlango. "Mshindi! Tumesikia redioni! Baba yako hajala tangu mchana, sijui ni furaha au ni nini. Amejilaza."

"Usimwamshe."

Niliingia chumba cha kusomea. Waya wa chaji ulikuwa juu ya rafu ya vitabu, mahali pake pa siku zote, ukiwa umepita nyuma ya pazia. Miaka yote nilidhani unakwenda kwenye soketi ya ukutani.

Nikalisogeza pazia.

Waya ulikwenda kwenye kompyuta.

Nikachomeka simu. Nikatazama kioo...

Hakikuuliza kitu.

Alama ya chaji ikatokea, ya kijani, kimya. Na kwenye kompyuta likafunguka dirisha lenye jina langu, jinsi baba alivyolisajili: "Binti yangu."

Nikakumbuka. Ilikuwa baada ya mazishi ya mama. Baba aliniomba picha zake zilizokuwa kwenye simu yangu, nikaichomeka kwenye kompyuta yake hiyo. Niliulizwa kama naiamini. Nikajibu ndiyo. Kwa kidole changu mwenyewe.

"Niliacha kukuambia kwamba picha zinaendelea kuja zenyewe kila nikikuchajia," sauti ikasema nyuma yangu.

Baba alikuwa mlangoni, shati halijafungwa vifungo vizuri.

"Mwanzoni zilikuwa picha tu," akasema. "Naapa. Kisha siku moja nikaona vipimo unavyoviandika kwenye simu."

"Kwa nini, baba?"

Akageuka, akatembea mpaka mwisho wa korido, akafungua mlango wa chumba nilichokulia.

Kitanda changu hakikuwepo. Meza yangu haikuwepo. Palikuwa na makasha, kutoka sakafuni mpaka juu, yamezuia dirisha. Moja lilikuwa limepasuliwa kona. Ndani yake kulikuwa na vifuko, na ndani ya kila kifuko waya wa tundu la zamani, mpya, umekunjwa vizuri.

"Mafao yangu yote," akasema. "Niliingia ubia na mmoja wa waagizaji. Waliniambia ni biashara isiyo na hasara. Kila mtu ana simu, kila mtu anakata waya... Halafu ukaja wewe na mashine yako."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia nini? Uache kazi yako kwa ajili yangu? Au uchakachue vipimo?"

"Ningejua tu, baba. Ningekuwa najua."

"Sikuiba kitu," akasema, na hapo sauti yake ikawa ile ya darasani. "Nilisoma. Nimekuwa nikisoma madaftari yako tangu darasa la kwanza."

"Walitaka kunifukuza. Ulijua?"

Akaanza kufunga vifungo vya shati.

"Ulijua kwamba wanamshuku mchumba wangu? Ulikaa naye mezani, ukiona ninavyomtazama?"

Akashika kasha lililokuwa karibu naye, kama mtu anayeshika ukingo wa ngazi.

"Nilijua," akasema.

Neno hilo ndilo lililonivunja. Hayo mengine ningeweza kuyaeleza. Hilo sijalipatia maelezo mpaka sasa.

Nikamweleza mtego, wa Chapchap na wa mchumba wangu. "Ile namba," akaanza tena. "Elfu nane mia nne na thelathini. Kama umetega watu wawili kwa namba zao, hii ya kwenye simu ilikuwa ya nani?"

"Haikuwa ya mtu. Ilikuwa sampuli ya kulinganishia."

Niliona anavyoelewa. Ilipita usoni mwake polepole, kama jibu linavyompitia mwanafunzi. Aliketi juu ya kasha lake la waya, akaziba macho kwa kiganja.

Na namba ile ndiyo iliyomuaibisha wakili wa washirika wake mbele ya tume. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba aliupeleka mwenyewe mkononi mwao uongo uliowaangusha.

Najua mnataka funzo. Ni hili, na ni la mtu wa vipimo, msitegemee lenye sukari. Usipime unaowashuku peke yao. Ukimtoa mtu mmoja kwenye jaribio kwa sababu unampenda, hujampa heshima. Umempa mwanya, na umewaonea waliobaki. Na ulichoruhusu siku ya msiba, rudi ukikague siku ya kawaida.

Mchumba wangu hajapokea simu yangu. Hilo nalo naliandika kama lilivyo.

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni mwa chumba changu cha zamani, shangazi anauliza kutoka jikoni kama tunataka chai, simu ilipoita kule kwenye rafu. Nikaenda kuichomoa. Ilikuwa imejaa chaji.

"Umepata?" mkurugenzi akauliza.

"Nimepata."

"Nipe jina."

Baba alikuwa amenifuata mpaka mlangoni mwa chumba cha kusomea. Hakutikisa kichwa.

Nikalitaja.

Kisha mkurugenzi akaniomba nirudie, maana alidhani nimemtajia la kwangu. Ni jina ninalolitumia mwishoni mwa jina langu, kwenye kila kipimo nilichowahi kutia sahihi.

Nikarudia.